Miwani Moja, Watu Ishirini na Sita

Wifi yangu Bibiana hajui kukaa. Nimekuwa jirani yake hapa Katubuka, Kigoma, kwa miaka ishirini na mbili, tangu kaka yangu Elikana alipomleta kutoka Kalinzi, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai kwenye kiti kimoja. Nusu atainywa amesimama mlangoni, nusu nyingine ataikuta imepoa dirishani na kuimwaga kwenye mchicha. Ukimwambia apumzike, anakujibu atapumzika akifa, kisha anatafuta ufagio. Mimi ni mtu wa kukaa. Ninauza vitenge sokoni, na vitenge vinataka mtu mwenye makalio ya subira. Tulijua mapema kwamba hatufanani, tukaamua kutaniana, maana wifi na wifi wasipotaniana watagombana.

Ninayoisimulia hapa ni habari ya miwani yake. Naisimulia mimi kwa sababu yeye hana muda wa kuisimulia, na kwa sababu ndani yake kuna jambo langu ambalo linanikera mpaka leo.

Kwao Kalinzi walilima kahawa. Alikuwa binti wa kwanza, na mgongo wa binti wa kwanza ni mali ya wadogo zake. Alisoma hadi darasa la pili, akatolewa shule abebe mapacha. Alipofika miaka arobaini na moja, watoto wake mwenyewe wakiwa wamekua, akajiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima. Wiki ya tatu mwalimu akamwambia ana kichwa kigumu. Akaenda kisomo kingine, kule Ujiji, nako akaambiwa yale yale kwa maneno laini. Akarudi nyumbani ameamini. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Mwanamke ambaye hakuna mchuuzi wa dagaa aliyewahi kumpunja kwenye mizani, aliamini kwamba ni mjinga kwa sababu herufi zilikuwa na ukungu.

Aliyemfungua ni Sista Veneranda, aliyekuwa akifanya kazi kwenye zahanati moja huko milimani. Bibiana alikuwa amempeleka mama yake. Sista akampa pakiti ya dawa na kumwambia asome maelekezo. Bibiana akasema hajui, herufi zake zina ukungu. Sista akamtazama, akavua miwani yake mwenyewe, akamvisha. Bibiana anasema kitu cha kwanza alichokiona si herufi, ni mistari ya viganja vyake, ambayo hakuwa ameiona kwa miaka. Ndipo akaangalia pakiti. Herufi zilikuwa zimetulia pale pale, kila moja mahali pake.

"Nenda nayo," Sista alimwambia. "Mimi nina nyingine."

Mwaka haukuisha, Bibiana alikuwa anasoma kila kitu. Alisoma mifuko ya saruji, kanga za watu waliosimama mbele yake kanisani, matangazo ya vifo. Mwaka uliofuata akafungua darasa lake mwenyewe, kwenye chumba kimoja cha ghala la zamani la chama cha ushirika. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Kaka yangu alipomuuliza atapata faida gani, alimwambia hawezi kuvumilia kuona watu wanafukuzwa na ukungu.

Asiyelijua ziwa letu ataishangaa ratiba ya darasa hilo. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa mchangani, na watu wa ziwa wanapata siku kama kumi za kushona nyavu, kuoza mabinti na kugombana na wake zao. Hiyo ndiyo mbalamwezi, na darasa la Bibiana hukaa siku hizo tu, alasiri. Mwezi ukifa, tunasema giza limeingia. Hapo kila mtu yuko Kibirizi, kwenye mwalo wa kushushia na kuanika dagaa. Wanaume wanarudi alfajiri na mzigo, na wanawake wanaanika na kugeuza dagaa mpaka jua linazama. Siku za giza hakuna anayekuja darasani, na hakuna anayelaumiwa.

Walikuwa ishirini na sita, wengi wao waanika dagaa waliopita arobaini. Mkubwa wao ni Mama Merina, mjane wa miaka sitini na tatu, mwenye ulimi ambao hata mimi nauogopa. Wanaume walikuwa wachache, na mashuhuri wao ni Mzee Mwinshehe, fundi wa mitumbwi kutoka Ujiji, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo na yeye husema bado anawasubiri warudi kumchukua. Mwezi wa kwanza tu Bibiana aligundua kwamba karibu wote wana ugonjwa wake. Walikuwa wanakunja nyuso, wanasogeza kitabu mbali, wanasogeza tena, mpaka mkono unaisha. Watu wa umri huo macho ya karibu huanza kuwaaga, tena hawa wa mchangani wanatazama jua juu ya dagaa weupe kutwa nzima.

Basi akaivua miwani yake, akaiweka kwenye meza ya mbele.

Ndivyo darasa lilivyokwenda kwa miaka mitatu. Miwani moja, watu ishirini na sita. Inapokufikia, unasoma mistari yako minne kwa sauti, unaivua kwa mikono miwili, unaifuta kwa pindo la kanga na kumpa wa kulia kwako. Wengine wanasikiliza na kusubiri. Mkono mmoja wa miwani ulivunjikia kwa Mzee Mwinshehe, ambaye kichwa chake ni kipana. Akaufunga kwa mshipi wa kuvulia, kwa fundo ambalo halikufunguka tena. Bibiana mwenyewe alifundisha bila miwani, akaivaa tena nyumbani tu. Kitabu cha kwanza alikuwa amekihifadhi chote kichwani. Alizunguka kati ya mabenchi na kalamu yake nyekundu, hatulii hata dakika moja, akiinamia madaftari, akiandika mstari wa kunakili huku, akiweka alama ya vema kule, akisema, "Vizuri, mama, endelea," na kuruka kwa mwingine.

Mimi nilikaa nyuma. Nilimaliza darasa la saba, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuandika mahudhurio. Baada ya darasa wanafunzi wengi walipitia barazani kwangu na madaftari yao chini ya kanga. Bibiana alidhani wanakuja kutazama vitenge. Nikamwacha adhani.

Sista Veneranda alihamishiwa Mpulungu, kule Zambia, mwisho mwingine wa ziwa. Bibiana akamwandikia barua, ya kwanza aliyowahi kuandika maishani. Alieleza darasa na miwani moja, akaorodhesha majina ya wanafunzi wote. Hakuomba kwa maneno. Alisema tu majina ndiyo haya. Miezi saba ikapita. Mwezi wa Septemba, meli ya mizigo ikashusha kasha la mbao kwenye bandari ya Kigoma, na ubavuni limeandikwa jina lake kwa rangi nyeusi. Ndani yake mlikuwa na miwani ya kusomea, vibao vya kuandikia na kadi za herufi.

Alikimbia kutoka Katubuka mpaka bandarini kwa miguu, bodaboda zikimpigia honi. Alirudi jioni mikono mitupu.

"Wanataka kodi," alisema, amesimama katikati ya uwanja wangu, kitambaa cha kichwa kimemteleza. "Frida, wanataka kodi ya mauzo. Mimi nauza nini?"

Kodi aliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho. Alipewa pia siku sitini. Mzigo usiotolewa kwa muda huo unapigwa mnada. Mimi nilisema tuchangishane. Mzee Mwinshehe alisema atauza tezo yake ya kuchongea, ile ya urithi, naye fundi wa mitumbwi bila tezo ni mzee wa kawaida tu. Bibiana alitugeuzia macho.

"Nalipa ushuru wa mwalo. Nalipa ushuru wa soko. Nikinunua sabuni nalipa, nikinunua chumvi nalipa, sijawahi kulalamika. Lakini mtu mzima kujifunza kusoma jina lake? Hiyo silipi. Wataiondoa."

Nilimwambia mkono mtupu haulambwi. Akaniambia nikae na vitenge vyangu.

Afisa mmoja wa elimu ndiye aliyemwambia kwamba anaweza kuandika barua kuomba kasha lisamehewe kodi, kwa kuwa ni vifaa vya kisomo, na ombi litapita kwenye ofisi fulani mjini ambayo sitaitaja. Aliandika barua hiyo mara tano. Ya mwisho ilikuwa safi, nami nilimsifu kwa dhati. Mwishoni aliandika kama anavyoandika mtu yeyote aliyelelewa vizuri: "Karibuni darasani kwetu wakati wowote."

Kisha akaanza kusubiri, na kusubiri si kazi yake. Kila siku alishuka bandarini kutazama kasha kupitia waya wa uzio. Walinzi wakamzoea, wakawa wanamwambia kutoka mbali, "Mama, lipo!" Alirudi akifagia uwanja ambao ameshaufagia. Elikana alinilalamikia kwamba mkewe anageuza ugali kama anaukomesha. Siku zikawa thelathini, zikawa thelathini na tano, nasi tukaingia kwenye giza, kila mtu akashuka Kibirizi, na Bibiana akashuka nao kwa sababu naye ana chanja zake za dagaa.

Siku ya thelathini na nane, saa tisa alasiri, gari jeupe likasimama mbele ya baraza langu. Akashuka bwana wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, faili kwapani. Akajitambulisha kuwa ni Alphonce, kutoka ofisi ile. Alikuwa amekuja kukagua darasa la Bibiana, na jirani mmoja alikuwa amemwambia ufunguo unakaa kwangu.

Nilimfungulia. Mabenchi matupu, na kuku mmoja aliyeingilia dirishani.

"Wanafunzi wako wapi?"

"Wako Kibirizi, baba. Ni giza."

Akatazama jua nje, kisha akanitazama mimi.

"Yaani hakuna mwezi," nikamwambia. "Wanaanika dagaa. Ukiteremka na gari ni dakika chache, utawakuta wote."

"Mama, nimetumwa nikague darasa, sikutumwa nikague ufukwe. Na nina sehemu nyingine mbili za kwenda. Barua yenu imesema wakati wowote." Akafungua faili lake, na kwa haki naomba niseme kwamba hakuwa mtu mbaya. "Kuna kitu chochote cha kunionyesha? Daftari hata moja?"

Daftari la Mama Merina lilikuwa barazani kwangu, chini ya rundo la vitenge. Nilikwenda kulichukua bila kufikiri. Aliposhika ukurasa wa kwanza, nikatamani ardhi inimeze, maana nilikumbuka mlikuwa na nini.

Hapa ndipo niseme jambo langu. Mtu asiyeona karibu hawezi kuona anachokiandika. Mistari ya kunakili ya Bibiana ilikuwa inapandana. Mmoja ulianza pembeni vizuri, ukashuka, ukapita juu ya mwingine, ukaishia nje ya karatasi. Alama za vema zilitua popote: juu ya jibu sahihi, juu ya jibu baya, juu ya doa la mafuta ya dagaa. Mwezi wa kwanza Mama Merina alinijia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa mwalimu ameandika nini?" Nilimwandikia upya chini yake, kwa kalamu yangu ya buluu. Kesho yake wakaja watatu. Mpaka mwisho walikuwa wanakuja karibu wote. Hakuna aliyethubutu kumwambia Bibiana. Angejua, angeichukua tena miwani yake, na wao wangebaki na ukungu. Lakini zaidi ya hilo, unamwambiaje mwalimu wako kwamba haoni? Na mimi, wifi yake, mwenye ruhusa ya kumtania hata msibani, jambo hilo moja sikumtania. Nilijiambia ni huruma. Ukweli ni kwamba nilipenda kuona watu wamejaa barazani wakinihitaji.

Bwana Alphonce aligeuza ukurasa mmoja, wa pili.

"Nani amesahihisha hapa?"

Ningesema kweli. Ningesema, mwalimu mwenyewe, kwa sababu miwani yake amewapa wao, na ndiyo maana tunaomba hilo kasha. Leo naliona wazi kama mchana. Lakini nilimwona Bibiana akiaibishwa mbele ya mtu wa shati la pasi, na mdomo ukanitangulia.

"Watoto tu," nikasema. "Walilichezea."

Akaandika kitu kwenye faili, akanishukuru, akaondoka.

Jibu likaja siku ya arobaini na tano. Vibao na kadi za herufi ni vifaa vya elimu, kodi yake itaondolewa. Miwani ni bidhaa ya kawaida, italipiwa. Na kwa kuwa vyote vimo kwenye kasha moja, kasha halitoki mpaka miwani ilipiwe. Bibiana aliisoma amesimama mlangoni kwake, mguu mmoja nje. Sikuiomba niisome. Alifagia uwanja wake, akafagia wa kwangu, akaelekea wa jirani.

"Mbalamwezi inaingia lini?" aliniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Baada ya siku tano."

"Basi siku ya sita tunakwenda wote."

Tulikwenda wote. Watu ishirini na sita, mwalimu, na mimi na daftari langu la mahudhurio, tumejipanga kwenye korido ya ofisi ile asubuhi saa mbili, tukinuka dagaa ingawa kila mtu alikuwa ameoga mara mbili. Bwana Alphonce alitoka na kikombe mkononi, akasimama.

"Mwakeye!" akamwamkia Mama Merina kwa sauti kubwa, kwa Kiha, na wengine wakacheka kwa woga.

"Mama Bibiana ni wewe?" Bwana Alphonce akamwuliza aliyetangulia. "Barua mmepata?"

"Tumepata. Tumekuja kuisoma."

"Kuisoma?"

"Ulisema hukulikuta darasa. Leo limekuja lenyewe. Umeandika miwani si kifaa cha kisomo. Naomba utupe dakika chache." Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Akampa Mama Merina barua. "Mama, soma."

Mama Merina akaishika karibu, akakunja uso. Akaisogeza. Akaisogeza tena mpaka mkono ukanyooka wote.

"Huu mkono Mungu alinikatia mfupi," akasema. "Hapa naona karatasi. Maneno sijui kama yamo."

Ndipo Bibiana akatoa miwani yake kwenye kitambaa, ile yenye mshipi, akamvisha. Mama Merina akairudisha barua karibu. Hata karani wa chumba cha pili alikuwa amechungulia.

"Da-ra-sa," akaanza. "Darasa ha-li-ku... halikukutwa." Akanyanyua macho juu ya miwani. "Baba, siku hiyo ilikuwa giza. Tusingekutwa hapo labda tuwe wafu."

"Mama, barua yenu ilisema karibuni wakati wowote."

"Ndivyo mgeni anavyokaribishwa! Ulitaka tuandike usije?"

Hata Bwana Alphonce alicheka, akaficha uso kwenye kikombe. Mama Merina akamaliza mistari yake minne. Akaivua miwani kwa mikono miwili, akaifuta kwa pindo la kanga, akampa wa kulia kwake. Hakuna aliyewaagiza, ndivyo wanavyojua kusoma. Miwani ikatembea koridoni, na barua ya kukataliwa kwetu ikasomwa kipande kwa kipande na watu iliyowakataa. Ilipomfikia Mzee Mwinshehe, Bwana Alphonce akamwomba ajaribu kwanza bila miwani. Mzee akaitazama karatasi muda mrefu.

"Bwana mkubwa," akasema, "bila hiyo miwani, hata mtumbwi naupapasa." Akaivaa kwa uangalifu, kwa sababu ya mshipi. Akasoma, "Daftari ni-li-lo-o-nye-shwa li-me-che-ze-wa na wa-to-to. Ha-ku-na u-sha-hi-di wa u-fu-ndi-sha-ji."

Watu wakatazama sakafu. Wote, kwa pamoja.

"Watoto gani?" Bibiana akauliza, swali alilokuwa amelibeba tangu barua ilipofika. "Darasa langu halina watoto. Daftari la nani?"

Mimi nilikuwa nimefungua daftari la mahudhurio na kujifanya natafuta jina. Namshukuru Mungu kwamba Bwana Alphonce alizungumza kwanza.

"Acha hilo, mama," akasema. "Leo nimeona mwenyewe." Akaweka kikombe chini, akaichukua ile barua kutoka kwa Mzee Mwinshehe na kuigeuza, akaandika nyuma yake amesimama, akitumia ukuta kama meza. "Nitaandika taarifa mpya. Ya kwanza niliiandika kwa nilichoonyeshwa."

Maneno hayo ya mwisho hakuyasema kwa ubaya, wala hakunitazama. Mimi ndiye niliyejua yananilenga.

Siku ya hamsini na saba kasha likatoka. Kodi ilikuwa imeondolewa, miwani na vyote. Vijana wa bandarini walilipandisha kwenye bajaji, Bibiana akakataa kupanda, akatembea nyuma yake njia nzima, mkono juu ya mbao.

Alasiri hiyo mbalamwezi ilikuwa inaelekea ukingoni, na darasa lilijaa. Alifungua kasha kwa tezo ya Mzee Mwinshehe. Kila miwani ilikuwa na kijikaratasi chenye jina, kwa mwandiko wa Sista: Merina, Mwinshehe, na wengine wote, ishirini na sita. Jina la Bibiana halikuwamo. Alikuwa ameorodhesha wanafunzi, akajisahau. Watu walipoanza kusikitika aliwakatisha.

"Mimi ninayo yangu," akasema.

Akaichukua pale mezani, akaivaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kuivaa ndani ya chumba kile.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu ishirini na sita walikuwa wanasoma kwa wakati mmoja, hakuna anayemsubiri mwenziwe. Mzee Mwinshehe alikuwa anasoma maandishi ya ndani ya kofia yake. Bibiana alicheka kwa sauti, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuzunguka kwa mbio zake kama kawaida. Akamwinamia Mama Merina ili aweke alama.

Kalamu ikabaki hewani.

Alifunua ukurasa mmoja nyuma. Akafunua mwingine. Akachukua daftari la jirani, akafunua, na la jirani wa jirani. Kelele zikapungua benchi kwa benchi mpaka zikaisha. Kutoka nyuma niliona alichokuwa anakiona: mistari yake myekundu iliyopandana, vema zake zilizotua kwenye makosa, na chini ya kila mstari, mstari mwingine ulionyooka, wa kalamu ya buluu. Mwandiko huo anaujua. Ndio ulioandika mahudhurio yake miaka yote mitatu.

Akanyoosha mgongo. Akanitazama kupitia ile miwani yenye mshipi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba ananiona sawasawa.

"Watoto gani wale, wifi?"

Nilitafuta utani. Mimi, ambaye sijawahi kukosa. Mama Merina akataka kusema kitu, Bibiana akamwekea mkono begani.

Kisha wifi yangu akavuta benchi, akakaa. Akakaa kabisa, mgongo umelegea, miguu imetulia chini. Akaliweka daftari la Mama Merina mapajani na kulifungua ukurasa wa kwanza kabisa. Akaanza kusahihisha upya, polepole, kila neno. Alipofika mahali palipokuwa na vema, akaikata na kuandika kosa.

"Mwalimu," Mama Merina akasema kwa upole, "hilo ni la mwaka juzi."

"Hata mwaka juzi lilikuwa kosa."

Akaendelea. Akamaliza la Merina, akanyoosha mkono, akapewa lingine. Jua lilihama kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma na hakuna aliyeondoka. Hatimaye nikainuka, nikaenda mbele, nikasimama karibu yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kuomba msamaha.

Hakunyanyua kichwa.

"Ile kalamu yako ya buluu," akasema, "iweke hapa mezani."

Nikaiweka.